Kipindi kisicho na mwenyewe: nani anafundisha mwalimu akiwa hayupo?

Ukiingia ofisi ya walimu ya skuli yoyote ya Serikali hapa Zanzibar, iwe Makunduchi, Unguja, au Micheweni, Pemba, ukauliza "mwalimu mbadala hapa ni nani?", wataangaliana kwanza. Jina hilo kwetu halina matumizi. Uliza badala yake, "nani anashika vipindi vya fulani tangu aende kujifungua?", na jibu utalipata papo hapo. Anashika mwenzake wa darasa la jirani. Au anashika yule kijana wa kujitolea. Au, na jibu hili ndilo linalouma, hakuna anayeshika, watoto wananakili noti ubaoni zilizoandikwa na kiongozi wa darasa.

Naandika haya kwa sababu kijana wa kujitolea nilikuwa mimi. Kwa miaka miwili na nusu nilifundisha hisabati katika skuli moja ya sekondari ya shamba, yaani ya kijijini, kisiwani Pemba, na kila nilipoulizwa nafanya kazi gani nilishindwa kueleza. Wanafunzi waliniita maalim. Baba yangu akiwaambia watu kuwa "yumo skuli, anasubiri ajira". Katika karatasi za Serikali sikuwamo kabisa. Imenichukua muda kufahamu kwamba watu hao watatu, yaani maalim, msubiri ajira na asiyekuwepo, walikuwa ni mimi huyo huyo, na kwamba mkanganyiko ule haukuwa wangu peke yangu. Ndivyo kazi yenyewe ilivyokaa.

Tuanze na pengo lenyewe, maana watu huliita kwa jina moja na mapengo ni matatu.

Lipo pengo la siku moja au mbili. Mwalimu ana homa, amefiwa, ameitwa semina, amekwenda mjini kufuatilia jalada lake. Mwalimu wa taaluma anatazama ratiba, anamwona aliye na kipindi kitupu, anamwambia "nishikie Kidato cha Pili B". Hakuna malipo na hakuna anayeyadai, kwa sababu wiki ijayo huenda akaumwa yeye. Huu ni ubinadamu wa kazini, na pale walimu wanapotosha unafanya kazi vizuri.

Lipo pengo la wiki na miezi. Hapa ndipo hesabu zinapoanza kuwa nzito. Walimu wetu wengi ni wanawake, hasa katika skuli za msingi, kwa hivyo likizo ya uzazi ni jambo la kila mwaka katika kila skuli. Mwalimu aliyefiwa na mume kwa kawaida hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Wapo wanaokwenda Hijja, wapo wanaougua kwa muda mrefu. Wapo walioajiriwa na cheti wanaokwenda kusoma stashahada, na wa stashahada wanaokwenda kutafuta shahada, na hao hukosekana miaka. Mwaka 2022 walimu wengi walikuwa makarani wa sensa, na kila uchaguzi mkuu ukifika wengi huitwa kusimamia vituo. Mchukue mwalimu wa hisabati mwenye vipindi 24 kwa wiki. Akikosekana wiki 13, vipindi 312 vinabaki bila mwenyewe, na kila kipindi kikiwa dakika 40, hizo ni saa 208 za masomo. Mwenzake aliyekuwa na vipindi 24 vyake hawezi kumshikia vipindi 24 vingine kwa ubinadamu. Akijaribu, kitakachotokea ni kwamba madarasa yote mawili yatafundishwa nusu nusu.

Ujauzito unajulikana miezi mingi kabla ya likizo. Eda haijulikani kabla, lakini ikianza urefu wake unajulikana siku ya kwanza. Safari ya masomo inajulikana kuanzia siku barua ya ruhusa inaposainiwa. Kwa hivyo sehemu kubwa ya pengo hili la pili haina la kushtukiza ndani yake. Linaweza kupangiwa mtu, jina lake na tarehe yake ya kuanza, kabla mwenye kipindi hajafunga mkoba wake.

Halafu lipo pengo la tatu, ambalo hasa si pengo la kukosekana. Mwalimu amestaafu, amehamia mjini, au amefariki, na nafasi yake haijajazwa. Au nafasi haijawahi kuwa na mtu tangu skuli ifunguliwe, kama inavyotokea kwa fizikia na kemia katika skuli nyingi za shamba. Hapa hakuna anayesubiriwa kurudi. Anayeingia kuziba hapa hamshikii mtu kipindi. Anafanya kazi ya mwalimu aliyepaswa kuajiriwa.

Fundo lote limo katika kuyachanganya haya. Kijana anaitwa kushika vipindi vya mwalimu aliyekwenda kujifungua, wiki 13 tu. Mwalimu anarudi. Wakati huo huo mwingine anastaafu, na kijana anaambiwa "endelea kwanza". Kutoka pengo la pili anavuka kwenda la tatu, siku hiyo hiyo, bila karatasi yoyote kubadilika, kwa sababu karatasi haikuwepo. Mimi nilivuka hivyo. Niliitwa kwa muhula mmoja.

Neno "kujitolea" nalo limechangia. Kujitolea katika Kiswahili chetu ni jambo la hiari na la thawabu: watu wanajitolea kuchimba msingi wa msikiti, kubeba maiti, kusaidia harusi. Anayejitolea hadai, na akidai anaonekana amevunja heshima ya kitendo chake. Neno hili likivikwa kazi ya kila siku, kuanzia saa moja na nusu asubuhi, yenye mitihani ya kusahihisha na watoto wa watu wa kuwajibikia, linafunga mdomo. Sijui neno jengine lililonyamazisha vijana wengi wenye elimu kama hili.

Tuje kwenye sifa. Anayetaka kuajiriwa kuwa mwalimu wa Serikali Zanzibar lazima awe amesomea ualimu katika chuo kinachotambuliwa, akiwa na cheti, stashahada au shahada kulingana na ngazi anayofundisha. Njia zipo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, kina skuli ya elimu, na vyuo vya ualimu vya zamani, cha Nkrumah, Unguja, na cha Benjamin Mkapa, Pemba, vimeingizwa ndani yake. Kipo pia chuo kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait, Chukwani, kilichoanza 1998 kikiwa chuo cha elimu. Aliyemaliza huko huomba nafasi zinapotangazwa, na ajira hupita katika mikono ya utumishi wa umma chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya 2011. Mwalimu mkuu hana mamlaka ya kumwajiri mtu. Hili wazee wengi hawalijui, wakaja skuli kumlaumu mwalimu mkuu kwa kumwacha kijana wao miaka bila kazi.

Anachoweza mwalimu mkuu ni kumkubali anayejitolea. Na wanaojitolea ni watu wa aina mbili, na si haki kuwaweka fungu moja. Wapo waliokwisha kusomea, wana stashahada au shahada zao kamili, wanasubiri ajira. Hawa hawana upungufu wa sifa hata kidogo; mara nyengine wamesoma zaidi ya walioajiriwa zamani. Kinachowakosekana ni nafasi katika bajeti. Na wapo wasiosomea, waliomaliza kidato cha nne au cha sita, wakaitwa kwa sababu walifaulu somo fulani. Mimi nilikuwa wa fungu hili la pili. Nilikuwa najua hisabati. Kufundisha hisabati nilikuwa sikujui, na tofauti ya mambo hayo mawili nataka niieleze kwa mfano mmoja, kwa sababu watu huichukulia kirahisi.

Darasa langu la Kidato cha Kwanza, niliwapa swali: nusu kujumlisha theluthi. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika sehemu mbili za tano. Wamejumlisha kiasi na kiasi, yaani namba za juu, na asili na asili, yaani namba za chini. Nilitia alama nyekundu ya kosa daftari moja baada ya jengine, nikarudia kanuni ubaoni kwa sauti ya juu zaidi, nikawapa maswali kumi ya nyumbani, na kesho yake wakaja na makosa yale yale. Muhula mzima ulikwenda hivyo. Skuli ya jirani alikuwepo maalim mmoja mstaafu aliyekuwa akija kuswali nasi adhuhuri. Nikamwonesha madaftari. Akaniuliza, "Mwanangu, umewauliza kwa nini wameandika hivi?" Sikuwa nimewauliza. Siku ya pili alikuja na mkate wa kumimina. Akakata nusu akaiweka mezani. Akawauliza wanafunzi, sehemu mbili za tano ni zaidi ya nusu au chini ya nusu? Wakapima, wakasema chini. "Mlikuwa na nusu, mkaongezewa theluthi, sasa mnacho kidogo kuliko mwanzo. Mmeibiwa na nani?" Darasa zima lilicheka, kisha likanyamaza, na ndipo nilipowaona wanafikiri.

Maalim yule hakuwa akijua hisabati zaidi yangu. Alijua kwamba kosa la mtoto lina njia yake, na kazi ya mwalimu ni kuifuata njia hiyo mpaka alikopotelea. Hilo hufundishwa chuoni, pamoja na namna ya kutunga andalio la somo, kuligawa azimio la kazi kwa wiki, kupima, na kushughulika na mtoto asiyesikia vizuri aliyekaa nyuma. Kijana wa kidato cha sita hazaliwi nalo. Na mzigo wetu una uzito wake wa ziada: tangu Sera ya Elimu ya 2006, hisabati na sayansi zilipangiwa kufundishwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Kwa hivyo mwalimu asiyesomea anamfundisha mtoto jambo gumu kwa lugha ambayo wote wawili wanaivukia kwa tabu. Mtihani wa kidato cha nne wa Baraza la Mitihani la Tanzania ni ule ule kwa mtoto wa Kojani na wa Arusha. Hakuna sehemu ya karatasi inayouliza ulifundishwa na nani.

Kwa nini mapengo hayazibiki? Sababu moja ni nzuri, na ni vyema kuitaja kwa heshima yake. Elimu ilitangazwa kuwa bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, na milango ikafunguliwa kwa watoto ambao wazee wao hawakuwahi kuikanyaga skuli. Walimu wengi wa kigeni walikuwa wameondoka, na vijana waliokuwa ndio kwanza wametoka madarasani wakasimama wao mbele ya ubao. Tangu hapo watoto hawajaacha kuongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ile ya 2022 ilihesabu 1,889,773. Karibu watu laki sita zaidi kwa miaka kumi, na sehemu kubwa yao ni watoto. Ndiyo maana tukawa na mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, na ndiyo maana miaka hii zinajengwa skuli za ghorofa. Kila jengo jipya ni neema, lakini chumba kipya nacho kinadai mwalimu. Mikondo miwili ikifutwa, madarasa yaliyokuwa yakipokezana chumba yatasoma wakati mmoja, na hapo haiwezekani tena mwalimu mmoja kufundisha asubuhi na kurudia mchana.

Sababu nyengine ni mgawanyo. Mwalimu anayepangiwa Tumbatu anavuka kwa boti kutoka Mkokotoni. Wa Fundo anavuka kutoka upande wa Wete. Wa Kisiwa Panza na Makoongwe, hivyo hivyo. Kusi likipamba moto, siku hiyo kuna skuli inayomsubiri mtu aliyesimama pwani ng'ambo ya pili. Mwalimu mwenye mume mjini na watoto wadogo ataomba uhamisho, na siwezi kumlaumu. Matokeo yake ni kwamba Mjini Magharibi kuna skuli zenye walimu wa Kiswahili na historia wa kutosha, na shamba mwalimu mmoja anabeba masomo mawili ambayo moja hakulisomea. Wenyeji wa kijiji ndio wanaobaki. Kwa hivyo anayejitolea mara nyingi ni mtoto wa pale pale, anayekula kwao na kulala kwao, na ndiyo sababu mpango mzima umeweza kusimama miaka yote hii. Nyumba ya mama yake ndiyo inayomlipa.

Hili la malipo lazima lisemwe kwa uwazi. Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa Serikali Zanzibar kilipandishwa kutoka shilingi 300,000 hadi 347,000 kwa mwezi. Anayejitolea hayumo katika hesabu hiyo. Analipwa na kamati ya skuli ikipata, au na wazee wakichangishana, au na mwalimu mkuu mwenyewe anayetoa mfukoni mwake, na nimeyaona yote matatu. Zamani michango ya wazee ilikuwa chanzo kimoja cha posho hiyo. Katikati ya miaka ya 2010 Serikali ikaanza kuifuta, kwanza katika skuli za msingi kisha sekondari, na uamuzi huo uliwanusuru watoto wengi waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa mchango. Naunga mkono kufutwa kwake. Lakini mfuko uliofungwa ulikuwa ukilipa watu, na watu hao waliendelea kuja kazini. Kwangu mimi, mwezi mzuri posho ilifika kwenye nauli. Mwezi mbaya nilikuwa nikitembea.

Pesa ni sehemu moja tu. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, ulioanzishwa 1998, hukusanya mchango wa mwajiri na wa mwajiriwa. Asiye na mwajiri katika karatasi hana anayemchangia, kwa hivyo miaka yake ya kufundisha haihesabiki katika pensheni wala katika fao la uzazi. Fikiria lilivyo jambo hilo kwa msichana wa kujitolea: ameshika vipindi vya mwenzake aliye katika likizo ya uzazi yenye mshahara, na yeye mwenyewe akipata ujauzito, anachopewa ni kubaki nyumbani. Akianguka kwenye ngazi za skuli, hakuna anayejua ni jukumu la nani. Na Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, ambayo imewekwa kulinda mfanyakazi, inasimama juu ya mkataba. Kijana wetu hana hata kipande cha barua.

Vipo na vile vidogo visivyo na sheria. Semina ya mtaala mpya ikija, jina lililoandikwa ni la mwalimu aliyeajiriwa, ingawa anayelifundisha somo ni mwengine. Kitabu cha mwalimu ni kimoja na kimo katika kabati la aliyeondoka. Ukiwaadhibu wanafunzi kwa kazi ya ziada, mmoja atakwambia mbele ya darasa, "wewe si mwalimu hasa". Aliniambia mtoto wa miaka kumi na nne, na hakuwa amekosea kwa mujibu wa kumbukumbu za skuli. Msimu wa karafuu ukifika, rafiki zako wanapanda mikarafuu na kurudi na fedha mkononi, na wewe umekaa na madaftari sabini. Wengi huondoka hapo, katikati ya muhula, bila kuaga, na darasa linahesabu mwalimu wa tatu kwa mwaka mmoja.

Kwengine wamefanyaje? Nilipoanza kusoma juu ya jambo hili nilidhani nchi tajiri zimelimaliza. Hazijalimaliza, ila zimelipa jina, na jina limezaa haki zinazoweza kudaiwa.

Ufaransa wanao walimu wa sekondari wanaoitwa kwa kifupi TZR. Ni walimu kamili, waliopasi mtihani wa kuingia utumishi wa umma kama wenzao, wanaopokea mshahara wa kudumu. Tofauti yao ni kwamba hawakupangiwa darasa bali eneo. Mwalimu akikosekana ndani ya eneo hilo, wanaitwa, na wapo wanaolipwa posho inayopimwa kwa umbali kutoka skuli waliyoandikishwa. Hata hivyo hawatoshi, na Serikali ya huko huongeza watu wa mikataba. Jimbo la California, Marekani, lina kibali maalumu cha kufundisha kwa muda: mwombaji awe na shahada ya kwanza, na kwa kawaida haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 30 akimshikia mwalimu mmoja katika mwaka wa masomo. Nimeupenda mpaka huo. Unasema wazi kwamba baada ya siku kadhaa hilo si tena pengo dogo, tafuteni mwalimu kamili. Majimbo mengine ya Marekani hayadai shahada, na malipo huwa ya siku, maana yake siku skuli imefungwa mtu hapati kitu. Uingereza walimu hawa hupitia kwa mawakala wa ajira, na tangu tarehe 1 Oktoba 2011 mfanyakazi wa wakala aliyetimiza wiki 12 katika kazi ile ile ana haki ya kulipwa sawa na aliyeajiriwa moja kwa moja.

Karibu zaidi na sisi ni Kenya. Huko Tume ya Walimu, TSC, imewachukua maelfu ya walimu waliosomea na kusajiliwa, ikawaita wanagenzi, na kuwalipa posho: shilingi 20,000 za Kenya kwa wa sekondari ya chini, 15,000 kwa wa msingi. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ikaamua kwamba kumchukua mwalimu aliyekwisha kuhitimu na kumwita mwanagenzi ni kumvunjia haki yake ya kazi. TSC ilikata rufaa. Kwetu cha kuangalia katika kesi hiyo ni swali lake, kwa sababu ni swali letu: mtu mwenye stashahada ya ualimu, anayefundisha mzigo kamili, kuna nini kinachomfanya asiitwe mwalimu isipokuwa mwajiri kuchagua kutomwita?

Bara nao wanayo kumbukumbu yao. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kufundisha ili Elimu ya Msingi kwa Wote iwezekane, huku wakisomeshwa ualimu wakiwa kazini. Watu wakawaita walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha mpango huo. Skuli za kata zilipoenea miaka ya 2000, waliomaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo ya muda mfupi, nao wakabandikwa jina la Voda Fasta, jina la vocha ya simu ya haraka haraka. Majina hayo yalikuwa ya kuumiza, na walioyabeba walistahili zaidi ya hayo. Lakini tofauti moja ni kubwa: waliandikwa, walilipwa, na mlango wa kusoma zaidi uliachwa wazi kwao.

Kuna waraka mmoja wa kimataifa ambao natamani kila ofisi ya elimu ya wilaya ingekuwa nao mezani. Ni Pendekezo la ILO na UNESCO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya kazi na ya elimu, kuhusu Hadhi ya Walimu, lililopitishwa tarehe 5 Oktoba 1966, na kwa sababu yake siku hiyo ndiyo Siku ya Walimu Duniani. Linasema mwalimu anayefanya kazi ya kudumu kwa muda usio kamili alipwe kwa uwiano na mwenzake, apate likizo ya ugonjwa na ya uzazi, na hifadhi ya jamii. Na linasema kuhusu uhaba: hatua za dharura zitambuliwe kuwa ni za dharura, na zisiporomoshe viwango vya taaluma vilivyokwisha kuwekwa. Neno "zitambuliwe" ndilo nililosimama nalo. Kwetu dharura imekaa mpaka imekuwa samani ya ofisi.

Sisi ni visiwa vidogo, na katika jambo hili udogo ni bahati. Tuna wilaya 11. Tuna Vituo vya Walimu, kama vile Bububu, Dunga, Kitogani na Mkwajuni kwa Unguja, Michakaini, Mizingani na Wingwi kwa Pemba, ambavyo kazi yake tangu mwanzo ni kuwaendeleza walimu walio kazini. Mawazo yangu ni kwamba kila wilaya ingekuwa na kikosi chake cha walimu mbadala, kikiandikwa chini ya kituo chake: wahitimu wa ualimu wanaosubiri ajira, wenye mkataba wa mwaka na malipo yasiyo chini ya kima cha chini, wanaotumwa kwenye likizo za uzazi, eda na masomo. Mwalimu wa sayansi mmoja angeweza kuhudumia Wingwi muhula huu na Konde ujao. Siku asiyokuwa na pengo la kuziba, yupo kituoni anaandaa zana. Wasiosomea nao, ambao siwezi kusema wafukuzwe kwa sababu kesho asubuhi madarasa yatabaki matupu, wangepewa wiki kadhaa za mafunzo wakati wa likizo, mwalimu mzoefu wa kuwakagua, na ahadi iliyoandikwa kwamba miaka yao itahesabika wakiomba chuo. Gharama ipo, na ni kubwa. Lakini kazi hii inalipiwa sasa hivi, tena kila mwezi, na akina mama wa Micheweni na Mkoani wanaomlisha mtu mzima aliyetoka kufundisha watoto wa kijiji kizima.

Chama cha Walimu, ZATU, kingewasaidia sana kama kingewafungulia mlango hata wa uanachama wa muda. Asiyekuwa na mwajiri anahitaji msemaji kuliko aliye naye.

Kwa anayejitolea leo, kabla ya lolote kubadilika, yapo ya kufanya kesho asubuhi. Omba barua kutoka kwa mwalimu mkuu. Hawezi kukuajiri, ila anaweza kuandika kweli: jina lako, somo, madarasa, vipindi vingapi kwa wiki, tarehe uliyoanza, na vipindi hivyo ni vya nani au ni vya nafasi iliyo wazi. Nakala iende ofisi ya elimu ya wilaya, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kila muhula mpya omba nyengine. Maazimio ya kazi na maandalio ya somo uliyoandika wewe, yasainishe na uyaweke nyumbani. Ukiwa umesomea, usiache kuomba kila nafasi inapotangazwa kwa kudhani kuwepo kwako skuli kutakutangulizia jina.

Mimi sikuambiwa haya na mtu. Nilipokwenda kuomba nafasi ya stashahada ya ualimu niliulizwa kama nina uthibitisho wa miaka yangu miwili na nusu. Nilichokuwa nacho ni ratiba ya skuli niliyoibandua ukutani siku ya mwisho. Katika safu ya hisabati, limeandikwa kwa wino jina la mwalimu aliyestaafu, na juu yake, kwa penseli, jina langu.